Dian Fossey na bei ya mtoto wa gorila

Tunaandika kutoka Buleusa. Sisi ni watu wa sendika ya wachimbaji. Kwa kawaida mkitusikia, tunasema juu ya bei ya kasiteriti, juu ya mashimo yanayoangukia watu, juu ya ndugu waliokufa chini ya udongo bila familia kupata hata franka moja. Leo tunaandika maisha ya mwanamke mzungu aliyekufa mwaka 1985, ambaye hakuchimba hata gramu moja. Mtatuuliza, imekuwaje?

Imekuwa hivi. Kijana mmoja alifika kambini na mtoto wa kima, amemfunga kamba kiunoni, anamtafutia mnunuzi. Nyuma yake akaja mwenzake na kasuku wanne ndani ya kitunga. Kabla jua halijatua, wawili walikuwa wamekwisha kufa. Tulimuuliza yule wa kwanza mama wa kima yuko wapi. Akacheka, akatuonyesha sufuria. Ile usiku, tukiwa tunaota moto, mmoja wetu akataja jina la Dian Fossey. Tukaona vijana wengi wanalijua kwa ile filamu ya mwaka 1988 tu. Hawajui kama huyu mama alianza kazi yake hapa kwetu, Kivu ya Kaskazini. Hawajui pia habari ya watoto wawili wa gorila aliowaponyesha kisha wakapelekwa Ulaya. Basi tukasema tuandike.

Dian Fossey alizaliwa tarehe 16 Januari 1932 katika mji wa San Francisco, kule Marekani. Wazazi wake waliachana angali mdogo. Mama akaolewa tena, na kwa baba wa kambo mtoto hakuona mapendo mengi. Mnyama waliyemruhusu kuwa naye alikuwa samaki mmoja mdogo wa rangi ya dhahabu, wale wanaouzwa madukani ili wawekwe ndani ya chombo cha kioo. Samaki alipokufa, Dian alilia siku nyingi, na hakuruhusiwa kupata mwingine. Ni jambo dogo, lakini tunaomba mlikumbuke. Huyu mama ambaye baadaye alipigana na biashara ya wanyama alianza kupenda wanyama sawa watoto wengi wa miji mikubwa wanavyoanza, kwa kiumbe kilichotoka dukani. Anayenunua si lazima awe mtu mbaya. Mara nyingi ni mtu anayependa, lakini hajui kitu anachokinunua kimetoka wapi na kimepita wapi.

Alitaka kusoma udaktari wa wanyama, masomo ya kemia na fizikia yakamshinda. Akageuka, akasomea kazi ya kusaidia watoto wagonjwa na vilema wajifunze tena kutumia mikono na miguu. Alimaliza mwaka 1954, kisha akafanya kazi hospitalini katika mji wa Louisville, jimbo la Kentucky. Pale alijifunza uvumilivu, kukaa na mtoto asiyesema, kungoja mpaka yeye mwenyewe anyooshe mkono. Ile kazi ilimsaidia sana baadaye porini.

Mwaka 1963 alikopa dola 8,000, deni kubwa kwa mtu wa mshahara, akaja Afrika kwa majuma saba. Alifika Olduvai, Tanganyika, akaonana na mtaalamu Louis Leakey. Kisha akapanda mlima Mikeno mpaka Kabara, ndani ya hifadhi ambayo leo tunaiita Virunga. Pale Kabara, kwenye ardhi ya Kongo, ndipo alipoona gorila wa milimani kwa mara ya kwanza. Alirudi kwao kulipa deni, lakini roho ilibaki mlimani.

Miaka mitatu ikapita. Mwaka 1966 Leakey alifika Louisville kutoa hotuba, akamkumbuka. Alikuwa anatafuta mtu wa kukaa na gorila siku nyingi, awachunguze kwa utulivu, vile Jane Goodall alivyokuwa anafanya na shimpanze kule Gombe. Alimwambia Dian kwamba mtu wa kwenda kuishi mbali na hospitali hivi afadhali aondolewe kidole tumbo mapema. Dian akaenda akapasuliwa. Baadaye Leakey akamwandikia kwamba haikuwa lazima, alitaka tu kupima kama amekaza nia. Sisi wachimbaji tulipoisikia hiyo tulicheka, lakini tulisema pia kwamba bosi anayepima mfanyakazi kwa kisu anahitaji sendika.

Mwezi wa kwanza wa mwaka 1967 Dian alifunga hema Kabara. Hakuwa anajua kufuata nyayo. Aliyemfundisha alikuwa Sanwekwe, Mkongomani, mtu wa pori aliyekwisha kumwongoza mtaalamu George Schaller miaka ya nyuma. Sanwekwe ndiye aliyemwonyesha namna ya kusoma majani yaliyolala, kunusa njia, kujua gorila amepita asubuhi ao jana. Dunia inajua jina la Fossey, na jina la Sanwekwe wachache wanalijua. Sisi tunaliandika hapa kwa sababu ni haki yake. Hakuna mtaalamu anayeingia msitu wetu bila mgongo wa mwenyeji.

Kazi ya Kabara ilidumu miezi sita tu. Mwezi wa saba wa mwaka 1967 mamluki waliasi, Kivu ikawaka. Askari walipanda mlima, wakamshusha mpaka Rumangabo, wakamzuia pale. Alipata njia ya kutoka kwa kuwaahidi askari pesa, akavuka na gari yake mpaka Kisoro, Uganda. Watu wa Kivu tunajua maana ya kukimbia na kuacha kila kitu nyuma. Tofauti ni kwamba yeye alikuwa na pahali pa kuanza upya. Tarehe 24 Septemba 1967 alifungua kambi nyingine upande wa Rwanda, kati ya milima Karisimbi na Visoke, akaunganisha vipande vya majina hayo mawili akapata Karisoke.

Karisoke iko juu sana, mita karibu 3,000, baridi na mvua kila siku. Pale alikaa karibu miaka 18. Njia yake haikuwa ya kukimbilia mnyama. Aliinama, akatembea kwa magoti na mikono, akatafuna majani yao, akaiga sauti zao za kushiba. Miezi ikapita kabla hawajamzoea. Mwaka 1970 dume mmoja aliyemwita Peanuts alinyoosha kidole akagusa mkono wake. Mpaka siku zile, watu wa Ulaya na Marekani waliambiwa kwamba gorila ni jitu la kuua watu. Dian aliwaonyesha familia: baba anayelinda, mama anayebeba, watoto wanaocheza, wazee wanaongojewa njiani.

Na hapo tunafika kwenye habari iliyotufanya tuandike.

Mwaka 1969, bustani ya wanyama ya mji wa Köln, Ujerumani, ilikuwa inataka mtoto wa gorila wa milimani. Mkubwa mmoja wa hifadhi upande wa Rwanda alikubali kumpata. Sasa, ndugu msomaji, fikiri kidogo kazi hii inafanywa namna gani. Mtoto wa gorila haokotwi chini sawa embe. Yuko mgongoni mwa mama yake ao kifuani. Mama hamwachi, na dume mkubwa haachi mama. Madada, wajomba, wote wanasimama. Kwa hiyo ili umkamate mmoja, lazima uue wanaomlinda. Dian aliandika katika kitabu chake kwamba kwa mtoto wa kwanza waliuawa gorila kumi, na kwa wa pili wanane. Watu kumi na wanane wa jamaa, tungesema kama wangekuwa watu, kwa ajili ya watoto wawili wa kutazamwa.

Walimletea Dian hao watoto kwa sababu walikuwa wanakaribia kufa. Waliwekwa ndani ya sanduku, wakalishwa vitu visivyo vyao, wana vidonda na hawana maji mwilini. Aliwaita Coco na Pucker. Chumba kimoja cha nyumba yake alikigeuza pori, akajaza majani mabichi, akawapa dawa na maziwa, akalala nao. Alisimulia kwamba siku moja Coco alitazama mlima kupitia dirisha, akalia machozi, kitu ambacho Dian hakuwahi kukiona kwa gorila mwingine.

Baada ya majuma kadhaa walipona, wakacheza, wakapanda miti. Dian alitaka awarudishe porini kwa kundi litakalowapokea. Mkubwa wa hifadhi alikataa. Alimwambia kwamba asipowatoa hao, atatuma watu kukamata wengine. Hesabu ikawa mbaya kila upande, maana akiwaficha hao wawili, familia nyingine ingekwisha. Akawatoa. Walisafirishwa mpaka Köln, wakaishi kule miaka tisa, na wote wawili wakafa mwaka 1978, mmoja nyuma ya mwingine. Waliolipa kiingilio kuwatazama hawakuona wale kumi na wanane. Nani angewaonyesha?

Sisi tunaielewa hiyo habari kwa njia yetu. Gunia la madini likitoka mgodini siku hizi linafungwa etiketi, na etiketi inasema limetoka shimo gani. Tulipigania ile etiketi, na tunajua pia namna watu wanavyoidanganya. Lakini walau kuna mtu kule mbali anayeuliza. Mtoto wa mnyama akifika dukani ao kwenye bustani hana etiketi ya mama yake. Mnunuzi anaona macho mazuri, anaona manyoya laini, anatoa pesa. Damu ilibaki huku.

Dian hakusahau ile mwaka. Tangu pale vita vyake na wawindaji vikawa vikali. Na uchungu uliongezeka tarehe 31 Desemba 1977, wakati Digit, gorila aliyempenda kuliko wote, alipouawa akilinda kundi lake. Walikata kichwa na mikono, vitu vya kuuzia wageni. Mwaka uliofuata Dian alianzisha mfuko wa pesa kwa jina la Digit ili kulipa watu wa kuzunguka msituni na kuvunja mitego. Mwaka 1983 alitoa kitabu chake juu ya gorila, dunia yote ikamjua. Rwanda watu walimpa jina Nyiramachabelli, mwanamke anayeishi peke yake mlimani.

Lakini sisi hatuandiki maisha ya mtakatifu. Tukificha upande mwingine, wenzetu wa mgodini watasema tumenunuliwa. Dian Fossey alikuwa mkali sana kwa watu. Wawindaji waliokamatwa aliwafunga, aliwapiga, aliwatisha kwa uchawi wa kuigiza, alichoma vitu vyao. Wengi wao walikuwa Batwa na watu maskini wa vijiji, waliotafuta nyama ya swala, na mitego yao ikashika gorila pia. Na wafanyakazi wake mwenyewe walionja ulimi wake. Hapa ndipo sisi hatukubaliani naye. Fimbo ilimwangukia mtu wa mwisho wa mnyororo, yule anayepewa pesa kidogo kuliko wote. Aliyeagiza mtoto wa gorila alikuwa amekaa Ulaya na tai shingoni, hakuna aliyemfunga kamba. Hii tunaijua vizuri. Mgodini pia, mkaguzi akija, anayekamatwa ni mchimbaji mwenye koleo.

Usiku wa tarehe 26 Desemba 1985 Dian Fossey aliuawa kwa panga ndani ya nyumba yake ya Karisoke. Alikuwa na miaka 53. Walimzika pale pale, karibu na Digit na gorila wengine aliowazika kwa mikono yake. Mahakama ya Rwanda ilimhukumu Mmarekani mmoja aliyekuwa mwanafunzi wake, naye alikuwa ameisha kurudi kwao, na alikana. Kuna pia Emmanuel Rwelekana, mfuata nyayo aliyefanya kazi naye zamani. Alikamatwa kwa kesi hiyo hiyo, akafia gerezani. Wengi hawakuridhika na ile hukumu. Jina la Rwelekana tunaliandika karibu na la Sanwekwe. Mmoja alifungua njia, mwingine alikufa kifungoni, na wote wawili walikuwa wafanyakazi.

Je, kazi yake ilizaa nini? Mwanzo wa miaka ya 1980, gorila wa milima ya Virunga walihesabiwa karibu 250 tu. Leo gorila wa milimani, ukijumlisha na wale wa Bwindi kule Uganda, wanapita 1,000. Pale Rumangabo, ambapo askari walimzuia mwaka 1967, sasa kuna nyumba ya kulelea watoto wa gorila waliopoteza wazazi. Ndipo alipoishi Ndakasi, aliyekutwa mwaka 2007 ameshikilia maiti ya mama yake, akalelewa na walinzi Wakongomani mpaka alipokufa mwaka 2021 mikononi mwa mlezi wake. Na kule Kasugho, Lubero, kuna kituo kingine kwa ajili ya gorila wa kwetu, wale wa nyanda za chini, ambao hawaishi nchi nyingine yoyote isipokuwa Kongo. Misitu yetu ya Walikale ni moja ya makao yao makubwa.

Mfuko wa Digit siku hizi unabeba jina la Dian Fossey. Na tazameni mambo yalivyogeuka: ule mfuko unafanya kazi Walikale kwetu, sehemu ya Nkuba, kati ya hifadhi ya Maiko na ile ya Kahuzi-Biega. Wanafanya na familia zenye ardhi ya mababu, na wafuata nyayo ni watoto wa pale pale, wengine waliwahi kuwinda. Jina ni lake, lakini njia si ile ya fimbo. Tunafikiri mama mwenyewe angegombana nao kidogo, kisha angeona matokeo.

Sasa turudi kwa kijana wetu na kasuku wake. Kasuku wa kijivu anakamatwa kwa ulimbo, wanampaka juu ya matawi na kuweka kasuku mwingine wa kuita wenzake. Anashikwa, anakatwa manyoya ya mabawa, anafungwa wengi kwa wengi ndani ya kitunga, anabebwa kwa mguu, kwa pikipiki, kwa ndege. Wengi wanakufa njiani, sawa wale wawili mbele ya macho yetu. Miaka mingi walikuwa wanauzwa hadharani katika maduka ya wanyama ya Ulaya na Marekani. Marekani ilifunga mlango kwa sheria ya mwaka 1992. Umoja wa Ulaya ulikataza kabisa ndege wa porini mwaka 2007. Mwaka 2016, kwenye mkutano wa mataifa kule Johannesburg, biashara ya kimataifa ya kasuku wa kijivu waliokamatwa porini ilikatazwa. Na sheria ya Kongo ya tarehe 11 Februari 2014 inalinda wanyama hawa. Lakini sheria iko Kinshasa, na kitunga kiko Buleusa. Milango mikubwa ikifungwa, wanunuzi wanatafuta madirisha.

Hatukumpiga yule kijana. Hatukuchoma kitu chake. Tulikaa naye chini, tukamuuliza anapata ngapi kwa kasuku mmoja, na yule anayemnunulia atauza ngapi mbele. Alijua bei ya kwanza, ile ya pili hakuijua. Tukamwambia kwamba hapo yeye na sisi tuko sawa, kwa sababu na sisi miaka mingi tuliuza kasiteriti bila kujua bei ya mbele. Kisha tukampigia hesabu ya Coco na Pucker. Wawili walikwenda Ulaya, kumi na wanane walibaki wameoza porini, na wale wawili nao hawakuzeeka.

Kambi yetu ilipatana mambo matatu, na tunayaandika hapa ili makambi mengine yasome. La kwanza, mnyama mzima haingii kambini kuuzwa, awe kima, awe kasuku, awe shimpanze. La pili, akiletwa mtoto wa gorila ao wa shimpanze, wazee wa sendika watatuma neno kwa watu wa ICCN siku ileile, na hakuna atakayemnunua kwa huruma, kwa sababu huruma inayolipa pesa inaagiza mwingine. La tatu, mwenye kukamata hatapigwa. Atatafutiwa nafasi kwenye timu ya shimo, hata kama ni ya kubeba maji, mpaka apate la kufanya.

Kasuku wawili waliobaki tuliwaacha kwenye mti nyuma ya kambi, mabawa yakiwa bado hayajakatwa. Mmoja aliruka siku ileile. Wa pili alikaa siku mbili, naye akaenda. Mtoto wa kima alikufa siku ya nne. Hakutaka kula. Kijana aliyemleta ndiye aliyemzika, na tangu pale anafanya nasi kazi, timu ya chini, zamu ya asubuhi.